Mchungwa Uliopimwa kwa Kifua cha Chifu

Wajukuu wangu, na nyinyi wengine mnaonisoma bila undugu wowote, nawaomba mkiniletea chungwa mwe mmelionja nyinyi kwanza. Tangu nistaafu na kurudi huku kwetu Ruiri, Meru, watu huniletea matunda kwenye mifuko, wakanipangia mezani, kisha wakakaa kimya wakinitazama usoni. Wanajua kabisa kwamba hayaliki. Wanachotaka ni kuona uso wa mzee ukijikunja. Wengine hutuma picha kwa simu, lakini picha hainusiki.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mjukuu wangu Makena. Alikuja na matatu. Mti uko nyuma ya nyumba yao, ndio mwanzo wake kuzaa, na mumewe ameshaamua kwamba udongo ndio mbaya. Nilionja. Meno yangu mawili ya upande wa kushoto, ambayo ndiyo yaliyobaki, yaliomba ruhusa ya kuondoka.

"Udongo hauna kosa," nilimwambia. "Mti wenu una miiba?"

Akasema ni mirefu, na mumewe ilimdunga makalioni siku alipokuwa akitafuta kuku. Hapo nilikuwa nimeshamaliza kazi, ingawa nilikunywa chai yangu polepole ili aone kwamba nafikiri. Nyinyi vijana mtakaofuata kazi hii, jifunzeni hilo kwanza. Mtu akikuletea swali zito ukamjibu upesi, hakuamini.

Kwa kazi nilikuwa mtu wa kitalu. Miaka yangu yote ya nguvu niliimaliza katika kitalu cha miche cha serikali pale Embu, nimepiga magoti, nikipachika macho ya michungwa. Nieleze maana yake, kwa sababu bila hilo hamtaelewa jinsi mtu mmoja alivyokaribia kupelekwa kizuizini kwa ajili ya tunda.

Mchungwa unaonunua kitaluni ni miti miwili iliyooana. Kwanza unaotesha mbegu ya limau-mwitu, lile lenye ganda nene la vinundu, kwa sababu mizizi yake ni migumu na haiogopi kiangazi. Mche ukifika unene wa penseli, unachana ganda lake kiganja kimoja juu ya ardhi, unaingiza jicho, yaani chipukizi dogo lisilofunguka bado, ulilolitoa kwenye mchungwa mtamu, unafunga kwa kitambaa cha nta, unangoja. Jicho likishika, unakata limau lote la juu. Tangu siku hiyo mti wa chini kazi yake ni kunywa maji, na mti wa juu kazi yake ni kuzaa. Pale walipoungana hubaki kovu, limevimba kidogo kama goti, na halifutiki hata mti ukizeeka.

Lakini mti wa chini haujasahau kwamba nao ulikuwa mti. Kila ukipata nafasi hutoa chipukizi chini ya kovu, na chipukizi hilo hukimbia kwenda juu kuliko mchungwa wenyewe, limenyooka, limejaa miiba. Mwenye nyumba analiona na kufurahi, anasema mti wangu una afya. Afya unayo kweli, ila ni ya limau. Asipolikata, linaunyonya mchungwa mpaka ufe, na yeye anabaki akimwagilia maji mti ambao hakuununua.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Athumani. Jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa Kiislamu pale mjini Meru, wenye duka la nguo, na yeye alitakiwa arithi duka. Alisema kitambaa hakimpendi, akaja kwenye miche. Alikuwa mpole kwa miti na mkali kwa watu. Kila Jumatatu alitufunga macho kwa kitambaa, akavunja jani na kulisogeza puani petu, nasi tulitakiwa kusema ni chungwa, limau au chenza. Ukikosea, unalitafuna jani hilo mpaka liishe. Mwaka wangu wa pili nilitafuna majani kuliko mbuzi. Hata leo mkinifunga macho nitawatajia, na nitawatajia pia nani kati yenu hajaoga.

Makosa niliyafanya mengi. Kuna kundi zima la miche niliyoipachika macho kichwa chini miguu juu. Yalishika vizuri, lakini chipukizi likitoka linaelekea ardhini, linagutuka, ndipo linageuka kwenda juu. Mzee Athumani alipita kwenye mstari ule akiwa na fimbo yake, akasimama muda mrefu. Hakunitukana. Alisema ile ni michungwa inayotafuta kitu ilichokiangusha, akaniamuru niipachike upya yote. Kosa hilo halikumdhuru mtu. Kosa ninalotaka kuwasimulia ni jingine.

Siku hizo zilikuwa za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wa Embu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa vijijini, kijiji kimezungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na mlangoni wamesimama homugadi, yaani askari wa kijiji. Ukitaka kwenda mahali unaomba pasi. Mimi nilikuwa kijana wa Kimeru niliyefanya kazi Embu, kwa hiyo pasi yangu ilikuwa na mihuri mingi kuliko maandishi. Neno dogo lilitosha kukupeleka kuchujwa, yaani kuhojiwa kambini kama unawasaidia watu wa msituni, na waliokwenda kuchujwa wengine walirudi baada ya miaka na wengine hatukuwaona tena. Nawaambia haya ili mjue kwamba tulipocheka, tulicheka tukiangalia mlango.

Upande wa juu wa Manyatta, huko huko Embu, kulikuwa na chifu mmoja. Hapa nitamwita Chifu Nthiga, na hilo si jina lake, kwa sababu mjukuu wake ndiye fundi anayenishonea suruali. Alikuwa mrefu, mwenye kifua kikubwa cha mbele, na alipenda sana mambo ya kisasa. Alikuwa wa kwanza upande ule kupanda mchungwa wa kitaluni. Kwa miaka mitano, yaani mvua kumi, aliutangaza mti ule. Kila baraza aliwaambia watu kwamba wangoje waone. Mti ulipozaa, matunda yalikuwa makubwa, ya njano inayoelekea kwenye chungwa, mazito mkononi. Hakuonja hata moja. Alisema la kwanza atalionja Bwana D.O., yule Mzungu mkuu wa tarafa, akija kukagua kijiji.

Bwana D.O. akaja. Wakaketi kivulini, sahani ikaletwa imefunikwa kitambaa cheupe, na aliyeileta alikuwa Njeru, mtunza bustani wa Chifu, mtu wa makamo, mkimya, ambaye mkewe alikuwa na mimba kubwa. Bwana D.O. alikata kipande akatia mdomoni. Waliokuwapo waliniambia kwamba jicho lake moja lilijifunga na likakataa kufunguka. Kwa adabu za kwao alimeza. Kisha akanywa maji, akanywa chai, akanywa maji tena.

"Iko kali sana," alisema alipopata sauti.

Chifu, kwa kutaka kuonyesha kwamba si kitu, alikula moja zima mbele ya watu, machozi yakimtiririka, akasema ni tamu. Kisha akawaamuru homugadi wote wanane wale moja moja. Wakala kwa safu, kama wanavyomeza kwinini. Hapo karani wa Bwana D.O., aliyekuwa hana kazi siku ile, akauliza kama si sumu. Neno hilo likaanguka katikati ya watu, na kila mtu akageuka kumtazama Njeru.

"Huyu ndiye anamwagia hii mti maji kila siku," alisema Chifu. "Kama iko na dawa, ni mkono yake ameweka."

Njeru alisema anaweka maji tu, maji ya mto. Hakuna aliyemsikia. Bwana D.O. hakuamini sana habari ya dawa, lakini tumbo lake lilikuwa linanguruma na karani alikuwa ameshaandika. Akasema mti uchunguzwe na mtu wa kitalu kabla ya Ijumaa. Kama hakuna maelezo ya kueleweka, Njeru aende kuchujwa, kwa kosa la kujaribu kumdhuru mtu wa serikali. Akafungiwa kwenye chumba cha pasi, pale lango la kijiji.

Mzee Athumani alikuwa na homa wiki hiyo. Akanituma mimi, siku ya Jumatano, kwa baiskeli ya kitalu ambayo breki zake zilikuwa ni miguu yangu.

Nilipofika niliukuta mti unalindwa. Nisieleweke vibaya, sikusema bustani ilikuwa inalindwa. Homugadi mwenye bunduki alikuwa amesimama kando ya mti, akiutazama usije ukafanya jambo jingine. Naye alikuwa anarukaruka. Nikauliza ana nini, nikaambiwa ni siafu. Siku mbili kabla yake mke wa Chifu alikuwa amesikia kwamba mti mchungu hutibiwa kwa utamu, akamwaga kwenye mizizi sukari yote ya nyumba. Mti haukubadilika, ila siafu wa lokesheni nzima, yaani eneo lote la Chifu, waliitwa, na askari alikuwa amekatazwa kuondoka hapo alipo. Nilimwonea huruma kabisa.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mpishi alisema mti ulipandwa na mtu mwenye mkono mchungu, na kwetu jambo hilo husemwa hata leo, kwamba kuna mkono ambao ukipanda viazi vitamu vinatoka na nyuzi. Mzee mmoja alisema mti umeona mambo mengi ya huzuni tangu watu wahamishwe. Huyo sikumcheka. Mwingine alisema upigwe msumari. Nikakuta misumari mitano imeshapigwa, na kiatu cha farasi.

Nilivunja jani, nikanusa. Limau. Nikatazama machipukizi ya juu: majani machanga yalikuwa na rangi ya zambarau, na mchungwa mtamu majani yake machanga ni ya kijani tu. Miiba ilikuwa mirefu kama kidole changu cha shahada. Nikamenya tunda moja. Ganda nene, lina vinundu, kitovu kimechongoka. Kazi ilikuwa imekwisha na bado sijatoa jasho. Nilifurahi sana. Nilijiona nikirudi Embu na jibu mfukoni, na Njeru akirudi kwa mkewe, na Chifu akinipa kuku.

Kilichobaki kilikuwa ni kupiga magoti na kutafuta kovu, nione mchungwa ulikufa kwa nini. Nikafukuza siafu kwa jivu, nikainama. Kovu lilikuwapo. Chini ya kovu limetoka shina moja lililonyooka, ndilo hilo limau lililozaa. Na juu ya kovu, mahali mchungwa mtamu ulipopaswa kuwa, palikuwa na kisiki kikavu kilichokatwa kwa msumeno.

Nilikipitisha kidole gumba juu ya kile kisiki.

Mimi nikikata kwa msumeno huanza upande mmoja, kisha nazunguka upande wa pili, na mikato yangu miwili haijawahi kukutana hata siku moja. Katikati hubaki kidato, kama ngazi. Mzee Athumani alinicheka kwa kidato hicho miaka yote, alisema kuku anaweza kukitumia kupanda. Kisiki kile kilikuwa na kidato.

Ndipo nikakumbuka. Mvua sita nyuma, nikiwa na miezi minne tu kazini, kabla hata sijatafuna jani langu la kwanza, nilikuwa nimeazimwa kwa Chifu pamoja na msumeno wangu. Vijiji vilikuwa vipya, na Chifu alikuwa ametoa amri kwamba vichaka vyote vifyekwe na miti yote ya miji, yaani ya nyua za watu, iwe wazi kwa chini, mtu asipate pa kujificha. Tukamuuliza wazi mpaka wapi. Akajigonga kifuani akasema mpaka hapa. Mti wowote wenye tawi chini ya kifua chake, tawi liondoke. Tukakata kijiji kizima kwa kipimo hicho, homugadi akitufuata nyuma na bunduki na kutuambia haraka. Mchungwa wa Chifu ulikuwa mfupi, umetanuka kuanzia magotini, kama mchungwa mwema unavyotakiwa. Kando yake limesimama chipukizi refu, safi, halina tawi hata moja chini ya kifua. Mimi nikatii amri. Nikakata ule uliotanuka nikaacha ule ulionyooka, na nakumbuka nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama, nikasema sasa umependeza.

Sikumwambia mtu kitu siku ile. Nilisema nahitaji kwenda kupima majani, nikapanda baiskeli. Nawaambieni ukweli, njia nzima ya kuteremka nilikuwa nawaza jinsi ya kusema jambo la kumwokoa Njeru bila kutaja msumeno. Ningesema ni upepo. Ningesema ni mbuzi. Nilifika kitaluni nikiwa nimeshaamua ni mbuzi.

Mzee Athumani alikuwa kitandani amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nilipomsimulia alikaa kitako, homa ikamtoka. Alinikasirikia, na wala si kwa ajili ya Njeru. Alinikasirikia kwa ajili ya mchungwa. Alisema jicho lile alilipachika kwa mkono wake, akalitaja kabisa limetoka mti gani. Nikangoja amalize. Kisha nikamwambia habari ya mbuzi.

"Mbuzi hana msumeno, Kirimi," alisema. "Na yule bwana amekaa kizuizini kwa jani ambalo wewe unalijua na yeye halijui. Nenda kaseme."

Nikamwambia kwamba nikisema, mimi Mmeru mgeni mwenye pasi, nitaonekana nimeharibu mti wa Chifu kwa makusudi, na nitakwenda mimi badala ya Njeru. Alijibu kwamba inawezekana. Akajilaza, akajifunika tena. Niliogopa usiku ule kuliko siku yoyote ya ujana wangu, na sioni haya kulisema.

Ijumaa asubuhi walikuwa wamekusanyika chini ya mti: Bwana D.O., karani wake, Chifu, homugadi, na Njeru katikati yao amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Mkewe alikuwa amesimama mbali kidogo, kwenye ua, mkono tumboni. Nilianza kwa majani. Nikampa kila mtu jani la limau na jani la chungwa nililoleta kutoka kitaluni, nikawaambia wavunje wanuse. Mngeona mkusanyiko ule wa serikali umeinamisha pua. Chifu alinusa mpaka akapiga chafya. Homugadi mmoja alitafuna lake, sikumwomba. Bwana D.O. alinusa hili, akanusa lile, akatikisa kichwa, akaelewa.

Kisha nikawaonyesha kovu, na shina lililotoka chini yake, nikaeleza ndoa ya miti miwili. Nikafika kwenye kisiki.

"Nani alikata?" akauliza Bwana D.O.

"Mimi," nilisema.

Karani akafungua daftari. Chifu akavuta pumzi, kifua kikapanda, nikajua anajiandaa kuningurumia. Kwa hiyo nikaharakisha kabla hajaanza. Nikasema nilikata kwa amri ya kufyeka, kwamba tawi lolote lililo chini ya kifua liondoke, na kwamba mchungwa mtamu ulikuwa mfupi na limau lilikuwa refu.

"Kifua ya nani?" akauliza Bwana D.O.

Homugadi wote wanane walitazama ardhini, nao walikuwepo siku ile ya amri. Mwishowe nikamnyooshea Chifu kidole.

Chifu akakana. Alisema hakutoa amri kama hiyo, au kama alitoa haikuhusu mchungwa. Bwana D.O. alizunguka akitazama miti ya mji. Palikuwa na mpera, mparachichi, na mti wa plamu. Akamwita Chifu akamwambia asimame kando ya mpera. Tawi la kwanza la mpera lilianzia kwenye kifungo cha pili cha koti lake. Akamwambia asimame kando ya mparachichi. Kifungo cha pili. Plamu, kifungo cha pili. Wakatoka nje ya ua, Chifu mbele, Bwana D.O. nyuma, sisi sote tunafuata, na kila mti wa kijiji Chifu aliosimama kando yake ulimpokea kwenye kifungo cha pili. Isipokuwa mpapai, ambao haukuhitaji amri. Watoto walikusanyika. Akina mama walitoka milangoni. Kufikia mti wa kumi Chifu alikuwa anajaribu kujikunja ili awe mfupi, Bwana D.O. anamwambia anyooke.

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Lakini nilimwona yule homugadi wa siafu amejitia kitambaa mdomoni, mabega yanamruka.

Tuliporudi kwenye mchungwa, Bwana D.O. alikuwa amekuwa mwekundu, na sikujua kama ni hasira au nini. Akamuuliza karani ameandika nini. Karani akasema hajui aandike kosa la nani. Chifu Nthiga akajitazama kifuani, kwenye kifungo cha pili, akasema polepole:

"Andika ni makosa ya kipimo."

Ikaandikwa hivyo. Njeru akafunguliwa. Mkewe hakuja mbio wala hakupiga vigelegele. Alikaa chini pale pale uani, akalia kimya, na mimi nikaangalia pembeni kwa sababu nami nilikuwa nalia. Kuku sikupewa.

Mwezi uliofuata nilitumwa kuurekebisha mti. Dawa yake ni hii, na Makena nilimwambia hivyo hivyo: usiung'oe, mizizi ni mizima. Unakata limau fupi, unaacha machipukizi machache yaliyo imara, unayapachika macho ya chungwa tamu, na tangu hapo chochote kinachotoka chini ya makovu yako unakibandua kwa kidole kingali laini. Mke wa Njeru, akiwa na mtoto mgongoni, alikuja kuniomba nimwachie tawi moja la limau. Kumbe mimba yote aliyala yale matunda kwa chumvi, yeye peke yake katika lokesheni nzima aliyeyaona mazuri. Ni kinyume cha kila nilichofundishwa, lakini nilimwachia, na Mzee Athumani sikumwambia.

Njeru ndiye aliyekuja kunisaidia. Tulifanya kazi mpaka jua likapanda. Halafu akasema, akiwa hanitazami, kwamba nimekuwa fundi mzuri kuliko siku ile ya kwanza. Nikamuuliza siku gani ya kwanza.

"Ile ya msumeno," alisema. "Mimi ndiye nilikushikia tawi."

Niliacha kisu. Mtu yule alikuwa ananijua tangu nilipoingia mlangoni Jumatano ile. Alikuwa amekaa siku zile zote kwenye chumba cha pasi, anajua nani alikata, na hakunitaja. Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe ni mtoto wa watu, umetoka mbali," alisema. "Mimi wakinichukua, mke wangu ako na mama yake hapa tu. Wewe wakikuchukua, mama yako huko Meru ataambiwa na nani?" Akafikiri kidogo. "Na tena, kama ningekutaja, wangeuliza nani alishika tawi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikiwa nimekaa chini hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa mdogo mbele ya mtu huyo, mimi na mbuzi wangu niliyetaka kumsingizia. Nikashika tena msumeno, naye akashika tawi, vile vile kama zamani. Lakini safari hii hakuliachia likatwe.

"Kirimi," aliniuliza, "una hakika ni hili?"

Nilipiga magoti, nikavunja jani, nikalinusa, ndipo nikamjibu.